Miaka Mitatu ya Kuwa Mdomo wa Mtahiri

Nimestaafu Jumapili iliyopita, nikiwa na miaka kumi na minane. Furaha alicheka niliposema hivyo, lakini sijui neno jingine la kutumia. Kazi nimeifanya miaka mitatu, sasa naiacha, na mtu mwingine anaichukua. Mtu huyo ni Furaha mwenyewe, mdogo wangu, mwenye miaka kumi na mitano na sauti kubwa ambayo mimi sikupewa. Mwezi ujao nahamia mji wa Liège kusomea uuguzi, na simu ya kwetu hapa ugenini, Ixelles, itaendelea kulia. Kwa hiyo nimetoa shajara zangu zote chini ya kitanda, nikazisoma upya, na ninaandika hapa yale yanayomfaa atakayekaa kwenye kiti changu. Yanayonihusu mimi na mvulana fulani wa darasa la hesabu nimeyaacha humo humo.

Vyeo naviruka, maana havikuwepo. Mshahara vilevile.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kumpigia simu Monsieur Salomon, mzee wa Kiyahudi anayetahiri watoto wachanga, kisha kwenda naye kwenye nyumba za watu wetu kutoka Bukavu, Goma na Lubumbashi, ili nimtafsirie. Wayahudi humwita mtu wa kazi hiyo mohel. Kina maman wetu humwita papa wa Abrahamu. Sisi ni Wakristo, na nyumba zote nilizoingia ni za Wakristo. Shuleni waliponiuliza kila Jumatano mchana nakwenda wapi, nilisema kwa daktari wa meno. Kwa miaka mitatu darasa zima limeamini kwamba meno yangu ni mabovu sana.

Ilianza na Baraka, mdogo wetu wa mwisho. Maman alipojifungua, hospitali ilimwambia amrudishe mtoto akifika mwaka mmoja: watampiga sindano ya usingizi, na kuna orodha ya kungoja. Maman alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Tulipofika kituo cha basi akasema, "Mwaka muzima? Atatembea, atakimbia, njo bamukate? Kule Bukavu unatoka maternité na mutoto amekwisha katwa, hata hakumbuke."

Wakati ule alikuwa akifanya usafi kwa bibi mmoja mzee wa Kiyahudi. Bibi alimwona amekunja uso, akauliza, akajibiwa kwa Kifaransa cha mikono, kisha akaandika namba ya Monsieur Salomon nyuma ya karatasi ya duka la dawa. Wajukuu wake wote walipita kwa huyo mzee, alisema.

Papa aliisoma ile karatasi pande zote mbili. "Donc, sasa tunageuka Bayahudi?"

"Tunageuka batu benye mutoto wao ametahiriwa," Maman alisema. "Mapendo, piga simu."

Mimi naogopa simu. Naogopa kusema bila kuona uso wa mtu, na naogopa kusema nikiuona. Niliandika sentensi zote kwenye daftari la historia, nikapiga, na sauti ya mzee iliposema "Allô?" nikakata. Nikapiga tena, nikakata tena. Mara ya tatu, kabla sijavuta pumzi, sauti ikasema, "Usikate, mademoiselle. Mtoto ana siku ngapi?"

Alikuja Jumapili asubuhi, kofia nyeusi kichwani, mkoba kama wa fundi saa mkononi. Alitaka meza imara karibu na dirisha, mto usio laini sana, na watu wasiozidi watatu chumbani. Vyombo vyake vilikuwa vichache kuliko nilivyotegemea: kisu kidogo chenye makali pande mbili, kibao chembamba cha chuma chenye mwanya katikati, vitambaa vya bandeji, vaselini. Alivichemsha kwenye sufuria aliyokuja nayo mwenyewe, maana zetu, alisema kwa upole, zina historia na nyama asizokula. Maman alimwomba afanye sala. Akakataa. "Sala yetu ni ya agano letu. Kwenu nafanya kazi tu. Ombeni ninyi, nitangoja." Basi Maman na Papa wakaimba ubeti mmoja, mzee amesimama na kofia yake ameinamisha kichwa, na Baraka akanyamaza kuwasikiliza. Kazi ilikuwa fupi kuliko ule ubeti. Baada yake mzee alikaa saa nzima kwenye kiti cha jikoni akifungua na kufunga nepi, akitazama tu. Saa ile ndiyo iliyomfanya Maman amwamini.

Kanisani Maman alisimulia. Wiki mbili baadaye simu ililia, na haikuacha.

Furaha, yafuatayo ni ya kushika. Mzee hafanyi kazi Jumamosi, na ukimpigia Jumamosi hajibu, usidhani amekufa. Anataka mchana na mwanga wa dirisha. Mtoto asipungue siku nane, hata kama koko wa mtoto, yaani bibi yake, ana haraka na amekwisha kununua kuku. Kwenye simu utauliza uzito, halafu kama ananyonya na kukojoa vizuri. Utauliza kama ana manjano, na hapo usimwamini anayesema hapana, kwa sababu watoto wetu manjano yao hayaonekani kwenye ngozi. Mzee hutazama weupe wa macho, hubonyeza ufizi, hugeuza nyayo. Swali la nne ni kama kuna mvulana yeyote upande wa mama, kaka zake, wajomba zake, watoto wa dada zake, aliyewahi kutoka damu isiyosimama. Mzee aliniambia siku ya kwanza kabisa, "Hilo ni la mama mwenyewe. Si la nyumba." Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari.

Wengine walikuwa wepesi. Baba mmoja wa Lubumbashi, mwanamume wa mabega mapana, alisema atamshika mwanawe yeye mwenyewe kwa sababu kwao wanaume hawaogopi. Mzee alipovaa miwani tu, baba akateremka ukutani taratibu mpaka chini. "Naangalia kitu hapa chini," alituambia akiwa amekaa sakafuni. Mchungaji mmoja naye alikuja kubishana, Biblia mkononi, kwamba Paulo amesema tohara si kitu. Nilimtafsiria mzee. Akajibu, "Mwambie simjui huyo bwana, lakini kama si kitu, basi hakuna la kubishania." Sikujua kama nitafsiri. Nikatafsiri. Mchungaji alicheka mpaka akakaa, na mwaka uliofuata akatuita kwa mwanawe.

Sasa nakuja kwenye nyumba ile ya mtaa wa Etterbeek.

Koko Vumilia alinipigia mwenyewe. Alikuwa ameletwa na mwanawe Déo, ambaye sisi watoto humwita tonton, mjomba, vita vilipoingia kwetu, na aliishi naye katika fleti ya ghorofa ya tatu. Mke wa Déo, Nsimire, alikuwa amefika baada yake na alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Josué.

"Ni weye mutoto anafanyaka kazi na Papa Salomono?"

"Ni mimi, Koko."

"Bon. Sikia. Mi sitaki hospitali. Mi nataka mutu wa kabila ya Abrahamu, siku ya nane, kama vile iliandikwa. Pasta atakuja midi, batu trente banakuja. Umwambie."

Niliandika saa sita mchana, watu thelathini, kisha nikauliza maswali yangu. Uzito mzuri. Ananyonya kama ndama. Manjano hapana. La nne, nikasikia aibu. Huwezi kumwambia koko wa watu akupe mkamwana wake, kana kwamba yeye hatoshi. Nikamuuliza yeye.

"Damu? Kwetu hakuna ile mambo. Kwetu banaume ni banaume."

Nikaandika "hapana".

Furaha, hili sijawahi kulisema kwa mtu wa nyumbani. Haikuwa mara ya kwanza. Kwa zaidi ya miaka miwili, katika karibu kila nyumba, swali la nne nililiuliza kwa mkubwa aliyekuwa mbele yangu. Unajua kwetu ilivyo. Mkamwana hatangulii kusema mbele ya mama mkwe. Wageni wakija yeye yuko jikoni. Na marehemu wa kwao hawatajwi wakati mtoto bado ni mchanga. Kumruka koko na kumgeukia yule binti kungekuwa kama kumpiga koko kofi. Mzee alikuwa akinitazama nikiuliza, anasikia Kiswahili kinapita, anaona kichwa kinatikiswa, na mimi nasema "non, monsieur". Aliniamini.

Siku ya nane ilikuwa Jumapili. Tulipofika, nyumba ilinukia sombe na samaki, viti vya kuazima vimejaa korido. Mzee alimtazama mtoto macho, ufizi, nyayo. Akaridhika. Akauliza tena swali la nne, kama desturi yake, akimwangalia Nsimire aliyesimama mlangoni na nepi mikononi. Mimi nikamgeukia Koko. Koko akasema, "Nilisha kukwambia." Nikasema, "Non, monsieur."

Nsimire aliikunja ile nepi mara nne, akaikunjua, akaikunja tena.

Nilikwenda jikoni kuangalia vyombo kwenye sufuria. Akanifuata. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, uso wa mtu ambaye hajalala tangu avuke mpaka wa Rwanda.

"Mapendo."

"Yee, maman Josué."

"Huyu muzee, damu ikikatala kusimama, anafanyaka nini?"

"Anafunga, anakaa saa nzima anaangalia. Haijakatala hata siku moja."

"Kwa kaka yangu ilikatala."

Nilizima moto. "Kaka yupi?"

"Babili. Wa kwanza balimukata dispensaire, siku ya tatu akaisha. Wa pili papa alikatala bamukate. Akatoka jino. Jino ya utoto tu, Mapendo. Akaisha na yeye."

"Tonton Déo anajua?"

"Usimwambie mutu." Alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi ingawa jiko lilikuwa limejaa mvuke. "Koko anasemaka kwetu ni bachawi, banakulaka batoto. Akisikia ile, atasema njo ushahidi. Batanifukuza. Alafu nitaenda wapi?"

"Na Josué?"

"Pengine yeye hana. Pengine alikamata damu ya papa yake. Nimeomba siku zote nane."

Koko akaita kutoka sebuleni, "Mapendo, leta vyombo, muzee anangoja."

Nikaweka vyombo kwenye sinia juu ya kitambaa safi. Korido ile ni fupi, lakini ilibidi nipite upande upande kwa sababu ya viti, na kila kiti nilichopita nilifikiri: nikisema, huyu mama amekwisha. Nisiposema, mtoto. Kanuni ya mzee ilikuwa nisiongeze neno na nisipunguze. Hakuwahi kuniambia nifanye nini na neno nililopewa jikoni. Na tonton Déo alikuwa sebuleni, na Déo anasikia Kifaransa kuliko mimi. Hapakuwa na lugha ya kujificha.

Mzee alikuwa ameshanawa, mikono imeinuliwa. Koko ameketi, Josué juu ya mto mapajani mwake, nepi imefunguliwa. Déo yuko karibu na dirisha. Mzee alinyoosha mkono kwenye sinia.

Sikumpa. Nilirudi nyuma hatua moja.

"Monsieur," nikasema, "nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Swali la nne. Sikumuuliza mama. Nilimuuliza bibi."

Alinitazama. "Leo?"

"Leo. Na siku zingine."

Aliishusha mikono yake. Kisha akachukua kitambaa akamfunika mtoto. Akamwambia Déo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba mtoto lazima anyonye kwanza, na kwamba wakati huo yeye hubaki na mama na mkalimani peke yao.

"Banatutosha inje ya nyumba yetu?" Koko aliuliza.

"Njo règlement yake, Maman," Déo alisema. "Tutoke kidogo."

Mlango ulipofungwa Nsimire aliniangalia kwa macho ambayo bado nayaona. "Umesema."

"Sijasema. Nimemwambia mimi nilikosea. Sasa anakuuliza weye."

Nikalitafsiri swali, neno kwa neno, kwake yeye. Halafu nikangoja. Nilihesabu kichwani ili nisije nikajaza ule ukimya kwa woga wangu. Nilifika thelathini na nne. Akasema yote, macho yake kwa mtoto, na mimi nikatafsiri yote. Mzee aliuliza kama kaka hao walikuwa wa mama mmoja naye. Ndiyo. Kama dada zake wana wavulana. Dada mmoja, yuko Liège, ana wasichana tu.

Mzee akaanza kufuta kisu ambacho hakikuwa kimegusa kitu, akakirudisha kwenye ala yake. "Mwambie sitamgusa huyu mtoto. Hospitali ipime damu yake kwanza. Muulize kama anataka niwaeleze hao walioko nje."

"Hapana," Nsimire alisema.

"Basi sitawaeleza. Lakini hospitali itawaeleza, na hilo siwezi kulizuia."

Aliandika barua, akaifunga. Nje alisema tu kwamba leo haiwezekani, kwamba ana kanuni zake, na kwamba barua hii iende kwa daktari kesho, si keshokutwa. Nilitafsiri nikitazama viatu vyangu.

"Batu trente," Koko alisema. "Pasta iko mu njia. Nitabaambia nini, kwamba Mungu amebadilisha jour ya nane?" Kisha akanielekezea kidole. "Huyu kamutoto njo aliingia kuharibu. Nilimuona. Muzee alishanyoosha mukono."

Déo alinijia karibu. "Umeambia muzee nini kule ndani?"

"Nilimwambia nilikosea, tonton."

"Ulikosea nini?"

"Kazi yangu."

Haikuwa uongo, na haikumsaidia kuelewa.

Tulitembea mpaka kituo cha basi. Hapo akasema, "Una daftari lenye namba za nyumba zote?" Nilikuwa nalo. "Utazipigia zote. Utaomba kuzungumza na mama. Utauliza upya. Hao wavulana wamepona, lakini watapata wadogo zao." Nilitamani anipigie kelele, ingekuwa nafuu. Zilinichukua wiki mbili, mimi ninayeogopa simu, na kila mara mtu mwingine ndiye aliyeanza kushika. "Naomba maman wa mtoto." "Niambie mimi." "Hapana, ni yeye tu, samahani sana." Hakuna aliyekuwa na habari kama ya Nsimire, nashukuru. Lakini maman mmoja aliniambia kwamba tangu azae ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza kitu yeye.

Wakati huo huo hakuna aliyeniita kazini. Habari ya Etterbeek ilifika kanisani kabla yangu, kwamba mtoto wa Maman Mapendo amemtia mzee maneno na karamu ya watu imelala. Benchi letu lilikuwa na nafasi nyingi kuliko kawaida. Maman aliniuliza mara moja tu, anakunja nguo.

"Uko na sababu?"

"Niko nayo."

"Unaweza kuisema?"

"Hapana, Maman."

"Bon." Akaendelea kukunja.

Siku ya kumi na mbili tangu Jumapili ile, Nsimire alipiga kutoka kibanda cha simu, nikasikia mabasi nyuma yake. Hospitali imesema damu ya Josué imekosa kitu kinachoigandisha. Daktari alipoambiwa mtoto alikuwa karibu kutahiriwa aliweka kalamu chini. Kisha akamweleza Déo vizuri sana, kwa mchoro, kwamba ugonjwa huu hupitia kwa mama. "Koko alishusha valise yangu ya nguo," Nsimire alisema. "Anasema niende kwa dada yangu Liège nikaulize kwetu tulifanya nini. Mutoto abakie."

"Na tonton Déo?"

"Anaangalia ule mchoro tu."

Nikampigia Monsieur Salomon. Sikuandika sentensi kwanza, hapakuwa na muda wa daftari. Nilimweleza jinsi yalivyokuja, na katikati nikaanza kulia, na yeye akangoja. "Jumapili," akasema. "Usiwaambie nakuja, wasije wakaanza kupika."

Koko alifungua mlango mwenyewe. Alimwona mzee, akaniona mimi nyuma yake. Uso wake ulifurahi kwa mmoja na kukasirika kwa mwingine kwa wakati mmoja. Mzee alikaa, kofia kichwani, akakubali glasi ya maji tu. Sanduku la Nsimire lilikuwa pale pale mlangoni, limefungwa kwa kamba. Nsimire alikuwa amesimama jikoni na mtoto, mlango wazi.

"Umekuja kumaliza kazi?" Koko aliuliza.

Nilitafsiri.

"Nimekuja kukuambia kwamba kazi imekwisha," mzee alisema. "Ulinichagua kwa sababu mimi ni wa Abrahamu. Basi nikuambie sheria ya kwetu. Wavulana wa mama mmoja wakifa kwa kutokwa damu, anayefuata hatahiriwi, wala wana wa dada zao. Ni marufuku. Mohel atakayemgusa amemwaga damu."

Koko alifikiri. "Mu Biblia haiko."

"Wazee wetu waliiandika baadaye. Waliiandika kwa sababu walikuwa wamezika watoto."

"Na ule mutoto, banamuchekaka?"

"Anahesabiwa mwana wa Abrahamu sawa na mwingine. Anasimama kwenye sala sawa na mwingine. Anayemcheka ndiye mwenye makosa."

Koko akaweka mikono magotini. Swali lililofuata alilitoa polepole, bila kutazama jikoni. "Na mama yake? Bayahudi banamufukuzaka?"

Nikatafsiri.

Mzee alionekana kama hakuelewa, akaniomba nirudie. Kisha akasema, "Mama ndiye tunayemuuliza. Bila yeye tungemkata mtoto na kumzika. Tumfukuze kwa nini?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Koko akanigeukia.

"Mapendo. Njo vile amesema, ao umetia sukari?"

"Sikutia kitu, Koko."

"Njo vile amesema, Maman," Déo alisema. Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu tuingie. Aliinuka, akaenda mlangoni, akabeba lile sanduku akalipitisha mbele ya mama yake mpaka chumbani. Tukasikia kamba inafunguliwa. Ilichukua muda, ilikuwa imekazwa vizuri.

Koko hakumwita arudi. Aligeukia jikoni akasema kwa ukali, "Nsimire, mutoto analia, hausikie? Ukae muzuri, umunyonyeshe." Na Nsimire akaja kuketi sebuleni, mbele ya mgeni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

Baada ya hapo nilifanya kazi karibu mwaka mzima. Simu zilirudi moja moja. Niliuliza swali la nne kwa mwenye kulijibu, na wako kina koko wawili wasionisalimia mpaka leo. Furaha, watakutazama vibaya na wewe. Sema, "Koko, samahani, hii ni ya maman wa mtoto," halafu ungoje. Usimsaidie kujibu. Wewe una sauti kubwa, kwa hiyo kungoja ndiko kutakakokushinda.

Jumapili iliyopita, baada ya kumpeleka mzee kwenye nyumba yangu ya mwisho, nilipitia Etterbeek kuwaaga. Josué ameanza kutembea, anaanguka kama wote, na ana alama mbili nyeusi gotini ambazo hospitali inazijua. Koko alikuwa sakafuni kwa magoti yake, na mkasi, na rundo la vitenge vya zamani. Alikuwa akivikunja vipande na kuvifunga kwenye kona zote za nyumba, mtoto asije akajigonga: meza, kabati, miguu ya viti, kizingiti cha bafu. Nsimire alikuwa akicheka kwamba nyumba imefanana na mgonjwa aliyefungwa bandeji.

"Cheka tu," Koko alimwambia. "Weye unajua kucheka, mi najua kona." Kisha akanirushia kipande cha kitenge na uzi. "Funga ile ya télévision. Kaza muzuri, iko na nguvu huyu mutoto."

Nikapiga magoti, nikafunga.